Fimbo mbili, au tatu, zamtosha mvuvi wa besi

MNAMO Juni 2, 1932, kijana mkulima wa jimbo la Georgia nchini Marekani, George Perry, aliondoka nyumbani pamoja na rafiki yake kwenda kuvua katika ziwa dogo la Montgomery. Zilikuwa nyakati za mdororo mkubwa wa uchumi, na inasimuliwa kwamba wawili hao walikuwa na fimbo moja tu ya kuvulia na chambo bandia kimoja, wakipokezana zamu. Zamu ya Perry ilipowadia, alinasa samaki aina ya besi mwenye mdomo mkubwa aliyekuwa na uzani wa pauni 22 na aunsi 4, yaani zaidi kidogo ya kilo 10.

Rekodi hiyo ya dunia haijavunjwa. Ilisawazishwa mnamo 2009 na Manabu Kurita katika Ziwa Biwa, Japani. Samaki wa Perry, kwa upande wake, aliishia mezani kwa familia yake.

Wengi hukikumbuka kisa hicho kwa sababu ya uzani wa samaki. Mtu wa kipato cha wastani anayenuia kuanza uvuvi huu angefaa kuikumbuka zaidi ile fimbo moja. Aingiapo katika duka la vifaa vya uvuvi, au afunguapo kurasa za wauzaji wa ng'ambo, huelezwa kwamba kila aina ya chambo ina fimbo yake, na kwamba asiyekuwa nazo zote hawezi kuvua ipasavyo. Wavuvi wa kulipwa nchini Marekani huonekana wakiwa na fimbo kumi au zaidi zimelazwa mashuani, na picha hizo humshawishi mgeni kwamba hilo ndilo hitaji la lazima.

Lakini mvuvi wa mashindano ana sababu yake. Hushindana na saa, na dakika mbili anazopoteza akifunga chambo kingine zaweza kumgharimu zawadi. Mtu aliyekwenda ziwani Jumamosi kujipumzisha hana haraka hiyo. Yeye aweza kukata uzi, akafunga chambo kipya, na kuendelea.

Kwa Wakenya, suala hili si la ng'ambo pekee. Besi aliletwa katika Ziwa Naivasha kutoka Marekani mnamo 1929 kwa ajili ya burudani ya wavuvi wa mshipi, miaka minne baada ya tilapia wa kwanza kupandikizwa humo. Samaki mdogo wa asili wa ziwa hilo alionekana kwa mara ya mwisho mnamo 1962. Mnamo 1970 waliletwa kamba wekundu wa maji matamu wenye asili ya Louisiana, nao wakawa chakula ambacho besi hukipenda mno. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wavuvi walianza kumnasa karpi, samaki afukuaye tope la chini akitafuta chakula. Tope hilo si jambo dogo kwa mvuvi wa besi, kwani besi huwinda kwa macho.

Mazingira hayo ndiyo yanayopasa kuongoza uchaguzi wa fimbo. Besi hupenda kujificha. Katika Naivasha huvizia kando ya mafunjo, chini ya magugu-maji yaeleayo, na penye miti iliyomezwa na maji ziwa lilipofurika. Anayemtafuta lazima aweze kufanya mambo mawili yasiyopatana: kurusha chambo chepesi kwa ulaini, na kumvuta samaki mwenye nguvu kutoka katika vichaka kabla hajauzungusha uzi kwenye mashina. Hapana fimbo moja inayoyatenda yote mawili kwa ukamilifu, na hii ndiyo hoja pekee ya kweli ya kununua zaidi ya moja.

Maandishi yaliyo karibu na mpini

Kila fimbo itokayo kiwandani huwa na maandishi madogo juu tu ya mpini. Wanunuzi wengi huyapita, wakavutiwa na rangi. Ilhali humo ndimo mlimo habari zote: urefu kwa futi na inchi, nguvu ya fimbo, namna inavyopinda, uzani wa chambo inachoweza kurusha, na kiwango cha uzi inachostahimili.

Nguvu na mpindo ndivyo vinavyochanganywa zaidi. Nguvu ni kiasi cha kani kinachohitajika ili fimbo ipinde. Huandikwa kwa herufi: L ni fimbo nyepesi, M ni ya wastani, MH imezidi wastani, na H ni nzito. Mpindo nao huonyesha ni sehemu ipi ya fimbo inayopinda kwanza. Fimbo ya mpindo wa haraka hupinda kwenye theluthi ya juu tu, huku sehemu iliyosalia ikibaki ngumu. Ya mpindo wa wastani huanza kupinda karibu na katikati, kama ufito mbichi.

Tofauti hiyo si ya kinadharia. Chambo kama mnyoo wa plastiki huwa na ndoana moja, nene, ambayo mara nyingi ncha yake imefichwa ndani ya plastiki ili isinase majani. Ili itoboe mdomo wa besi, mvuvi lazima aikurupue fimbo kwa nguvu, na fimbo ilegeayo haiwezi kuifikisha kani hiyo. Kwa upande mwingine, chambo cha mbao au plastiki ngumu kinachopiga mbizi huning'inia ndoana nyembamba zenye pembe tatu. Hizo hujichoma zenyewe samaki anapokivamia chambo. Akivutwa kwa fimbo ngumu, nyama ya mdomo huchanika na samaki hutoroka. Fimbo ilegeayo hufuata mikurupuko yake na kuzizuia ndoana zisichomoke.

Mwenye kulielewa hilo huwa ameelewa zaidi ya nusu ya elimu ya fimbo za besi.

Fimbo ya kwanza

Fimbo ya kununuliwa kwanza ni ya nguvu ya wastani, yaani M, yenye mpindo wa haraka na urefu wa kati ya futi sita na nusu na futi saba, takriban mita mbili. Iwe ya kutumia rili inayoning'inia chini ya fimbo, ambayo kigurudumu chake hakizunguki uzi unapotoka. Fimbo ya namna hii kwa kawaida hurusha chambo cha gramu 5 hadi 18, na hiyo ndiyo safu ambamo vyambo vingi vya besi vimo.

Kazi zake ni nyingi. Hutumika kwa minyoo ya plastiki, kwa vyambo vidogo vya kupiga mbizi, kwa vibati vinavyozunguka na kumeremeta majini, na kwa vyambo vidogo vieleavyo juu ya maji alfajiri. Hufaa pia kwa tilapia anapokubali chambo. Rili ya namba 2500 huilingana vyema, ikiwa na uzi wa nailoni wa nguvu ya pauni 8 au 10. Nailoni ni rahisi, na mvutiko wake humsamehe anayejifunza.

Wapo wanaoshikilia kwamba, kwa kuwa Naivasha ni ziwa la mafunjo, mtu aanze na fimbo nzito. Ushauri huo una mantiki kwa mwenye mashua ambaye daima huvua vichakani. Kwa wengine unapotosha. Fimbo nzito haiwezi kurusha chambo chepesi, na siku ambazo samaki ni wagumu, chambo chepesi kinachoshuka polepole ndicho huokoa safari. Upepo wa Naivasha nao, ambao kwa kawaida huanza kuvuma kwa nguvu baada ya adhuhuri, huwatesa zaidi wanaotumia rili ya juu bila uzoefu.

Ya pili, na ile inayoweza kusubiri

Fimbo ya pili ni ya vichakani. Iwe ya nguvu ya MH, urefu wa futi saba, mpindo wa haraka, yenye uwezo wa kurusha chambo cha gramu 10 hadi 28. Hii ndiyo ya kutupia minyoo mikubwa, jigi zenye vishada, na vyura vya mpira vinavyoburutwa juu ya magugu. Uzi wake uwe wa nailoni wa pauni 15 hivi, au wa kusokotwa wa pauni 30 hadi 50 pale majani yanapozidi. Uzi wa kusokotwa hauvutiki, na hukata mashina laini ya majani ambayo nailoni ingenaswa nayo.

Kwa desturi fimbo hii huvalishwa rili ya juu, ile ambayo kigurudumu chake huzunguka kadiri chambo kinavyopaa. Hapo ndipo pana mtihani. Chambo kipunguzapo kasi hewani, kigurudumu huendelea kuzunguka kwa kasi ileile ya mwanzo na kumwaga uzi usio na pa kwenda. Matokeo ni tata ambalo huweza kuchukua nusu saa kulifumua, iwapo litafumuka. Dawa yake ni kidole gumba kinachokigusa kigurudumu kwa wepesi na kukisimamisha chambo kinapogusa maji. Huo ni ujuzi wa mikono, na haununuliwi. Afadhali mtu ajifunze uwanjani au shambani, akirusha kipande cha chubwi kisicho na ndoana, kuliko kulipia mashua ili afumue nyuzi.

Asiyetaka taabu hiyo ana njia nyingine ambayo wauzaji huitaja kwa nadra: fimbo ya MH ya rili ya chini, yenye uzi wa kusokotwa. Haitakuwa na nguvu sawa na ya kwanza kabisa penye mafunjo mazito, lakini tofauti hiyo ni ndogo kuliko inavyodaiwa.

Fimbo ya tatu ni ya vyambo vya kupiga mbizi. Iwe na mpindo wa wastani, nguvu ya M au MH, na ikiwezekana iwe imetengenezwa kwa nyuzi za kioo au mchanganyiko wa kioo na grafiti. Ni fimbo ya raha, na yaweza kungoja mwaka mzima. Katika mwaka huo, mvuvi atatumia ile ya kwanza akilegeza breki ya rili kidogo na kuepuka kumkurupua samaki kwa nguvu. Atapoteza samaki wachache, na kwa hasara hiyo atajua kama kweli anaihitaji. Wengi hugundua kwamba hawaihitaji.

Pesa ziende wapi

Kosa la kawaida ni kugawa fedha kidogo kwa vifaa vingi. Mwenye Sh20,000 akinunua fimbo tatu pamoja na rili tatu kwa mpigo, atajikuta na rili tatu zinazokwama. Ni heri atenge takriban Sh13,000 kwa fimbo ya kwanza na rili yake, Sh3,000 kwa uzi, ndoana na chubwi, na zilizosalia kwa vyambo vichache. Fimbo ya pili ije baada ya miezi kadhaa, akishajua anavua wapi.

Fimbo za bei nafuu zenye sifa nzuri zipo. Ugly Stik, ambayo kampuni ya Shakespeare ilianza kuiuza mnamo 1976, huchanganya grafiti na nyuzi za kioo na hujulikana kwa ukakamavu wake. Matoleo yake ya kawaida huuzwa Marekani kwa takriban dola 40 hadi 60, kabla ya gharama ya kusafirisha na ushuru. Ni nzito kidogo mkononi na haipitishi mtikisiko wa samaki kwa wepesi kama grafiti tupu, ila hustahimili mikikimikiki ambayo ingevunja fimbo ya bei mara nne.

Katika rili, kinachostahili kulipiwa ni breki laini. Hiki ni kile kifaa kinachoruhusu uzi utoke samaki anapovuta kwa nguvu kuliko uzi unavyoweza kustahimili. Mnunuzi auvute uzi kwa mkono dukani, taratibu kisha kwa kasi. Ukitoka kwa mikurupuko, rili hiyo irudishwe rafuni. Breki hurekebishwa ianze kuachia kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi. Idadi ya beringi inayotangazwa kwenye pakiti si ushahidi wa ubora. Beringi nne nzuri huzishinda kumi mbovu.

Tahadhari kama hiyo yahitajika kuhusu alama za IM6, IM7 na IM8 zinazopambwa kwenye fimbo. Hayo yalianza kama majina ya kibiashara ya grafiti ya kampuni moja. Si viwango vinavyosimamiwa na shirika lolote, hivyo IM8 ya mtengenezaji mmoja haiwezi kulinganishwa na IM7 ya mwingine kwa kutazama namba pekee.

Mitumba nayo isidharauliwe. Fimbo nyingi huuzwa na watu waliozichoka baada ya safari mbili. Anayenunua apitishe kipande cha pamba ndani ya kila kipete cha uzi. Pamba ikinasa, kipete kina ufa, na ufa huo utakula uzi polepole hadi ukatike samaki mkubwa akiwa karibu na mashua. Apitishe kucha kwenye fimbo yote akitafuta mikwaruzo mirefu, kwa kuwa grafiti iliyojeruhiwa huvunjika ghafla bila kutoa onyo. Kisha aiunganishe, aikunje kiasi, na asikilize: kiungo kikilia, kimelegea. Fimbo ya futi saba yenye vipete vitano tu, hata ikiwa mpya, haifai. Uzi utakuwa unaigusa fimbo inapopinda, na vipete vinane au tisa ndio wastani wa haki.

Suala la kiungo lina uzito wa pekee kwa asiyekuwa na gari. Fimbo ya kipande kimoja yenye urefu wa zaidi ya mita mbili haina mahali katika matatu ya kwenda Naivasha, na utingo atakayeifunga juu ya mizigo hatawajibika ikivunjika. Ya vipande viwili hufikia kiasi cha mita moja na hukaa katikati ya magoti. Zamani iliaminika kwamba kiungo huidhoofisha fimbo. Kwa utengenezaji wa sasa, anayevua besi wa kilo moja au mbili hataiona tofauti hiyo. Mfereji wa plastiki wa mafundi wa mabomba, uliozibwa ncha zote mbili, ni ala bora na ya bei rahisi kuliko mikoba inayouzwa dukani.

Fimbo nyingi hazivunjwi na samaki. Huvunjwa na milango ya magari, na miguu ya wenzake mvuvi ndani ya mashua, na tabia ya kuinua fimbo wima kabisa samaki anapofika kando ya mashua. Katika hali hiyo mzigo wote huangukia ncha, sehemu iliyo nyembamba kuliko zote. Samaki achukuliwe kwa wavu wa mkono, au besi ashikwe taya la chini kwa kidole gumba. Meno yake ni madogo kama msasa.

Jambo moja halielezwi kwenye pakiti za bei nafuu kwa herufi zinazosomeka: grafiti hupitisha umeme. Fimbo ya mita mbili iliyoinuliwa katikati ya ziwa wakati wa radi ni hatari ya kweli, sawa na kuirusha karibu na nyaya za stima. Mawingu yakianza kufunga, fimbo zilazwe na mashua ielekezwe nchi kavu. Nchi kavu yenyewe ina viboko. Wavuvi wanaoingia majini kwa miguu kando ya mafunjo wamewahi kuuawa ziwani humo, na hakuna fimbo, ya bei yoyote, iliyoundwa kwa ajili hiyo. Mwenye kuvua kwa burudani pia hana budi kuwa na leseni, na ni vyema aulize kwa maafisa wa uvuvi kabla ya safari kama kuna marufuku ya msimu.

Uzi uliokatwa usiachwe majini. Nailoni hudumu miaka mingi, na minandi na tai wala samaki wa Naivasha hunaswa nao miguu na mabawa. Hukunjwa, ukatiwa mfukoni, na nyumbani ukakatwa vipande vifupi kabla ya kutupwa.